Kikao cha Mtu Mmoja

Spika aligonga nyundo, akaagiza kila chama kikajadiliane faraghani kabla ya kura. Wabunge wa bunge hilo la jimbo wakainuka. Hawa wakatokea mlango wa kushoto, wale wa kulia, na milango ikafungwa.

Odile akabaki peke yake ukumbini. Watu wa kwao, kule kwenye mashamba ya viazi, walimchagua bila chama, na asiye na chama hana mlango. Koti lake zito la theluji lilikuwa limekalia kiti cha jirani, kama lilivyofanya tangu baridi ianze.

"Mheshimiwa," bawabu akamtania kutoka mlangoni, "kikao chako kinaendaje?"

"Tumegawanyika, mzee wangu. Nusu yangu inataka kurudi nyumbani."

Bawabu akacheka kidogo tu. Wote wawili walijua hesabu: muswada wa kufunga hospitali ya kina Odile ungepita kwa kura moja.

Nyuma ya mlango wa kulia mtu alifoka. Mlango ukafunguka, akatoka mbunge mwenye mvi aliyekitumikia chama chake miaka ishirini, kikombe cha kahawa mkononi. Kifuani, pale ilipozoea kukaa beji ya chama, palikuwa na vitundu viwili tu.

Hakwenda kwenye kiti chake. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Odile.

"Dada, hapa pana mtu?"

Odile akalitazama koti lake. Akalichukua, akalipakata.