Kidonda cha Bi Mwanakheri

Kitendawili! Karani wangu hunakili barua ileile kutwa, akifika katikati anasimamishwa, karatasi inachanwa. Ni nani?

Ni seli ya Bi Mwanakheri. Mjini kwao ukitimiza sabini, mtoto wako akiridhia, zahanati huzizuia seli zako zisimalize kunakili jeni ya kuponya vidonda.

Bi Mwanakheri alijikata kidole akimenya muhogo. Siku ya tisa kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Nani aliweka dole gumba kwenye fomu ya zahanati?" alimuuliza bintiye, Raya. "Wewe, au yule kakako mpenda pilau?"

Raya alimfunga kitambaa kipya, akaupuliza uji upoe.

"Kunywa, mama."

"Sinywi mpaka unijibu."

"Ni mimi, mama. Waliniambia hutajua."