Tikiti Lililoandikishwa

Kila kinachokunywa maji nyumbani lazima kiandikishwe kwenye mita ya maji kwa jina, basi Mwanakombo akaliandikisha tikiti lake: Sefu.

Miezi mitatu alilifunika kwa chandarua na kulipimia maji kwa kopo, mpaka likawa kubwa kuliko tumbo la baba yake. Majirani walijaa uani kulitazama.

"Hili umelizaa, hukulilima!" shangazi Mkasi alimtania.

Mwanakombo alijaa fahari, akalikata. Lilikuwa jekundu, likichuruzika maji.

Mita ukutani ikasema taratibu, "Poleni kwa msiba wa Sefu. Sasa mmebaki wanne."

Watu wakaangua kicheko. Bibi yake Mwanakombo hakucheka.

"Na mimi itanitangaza hivyo hivyo?" aliuliza.

Mwanakombo alimkatia kipande cha katikati, kile kitamu kuliko vyote.