Magurudumu ya Gari la Baba

Kila asubuhi Tunu aliosha gari la baba yake, ili siku atakayorudi kutoka safari alikute tayari. Leo mkono wake ulisita kwenye gurudumu. Baba alimfundisha kwamba namba inayofuata herufi R ubavuni mwa tairi ni ukubwa wa rimu, chuma kinachovishwa tairi, na gari hili huvaa kumi na tano. Hapa paliandikwa kumi na nne. Akazunguka. Yote manne.

"Mama, nani kabadilisha magurudumu?"

"Mimi. Yale mazuri nimeyauza."

"Na Baba akirudi? Si wewe kila siku unaniambia nimsubiri!"

Mama akamnyang'anya kitambaa, akakikamua hata baada ya maji kuisha.

"Harudi, mwanangu. Nilijua siku ileile alipoondoka."