Nyumba Inayomeza Sauti

Akina mama, mkiambiwa nyumba itamtunza mgonjwa, msiitikie upesi.

Mwanangu Mwanaidi alichanika mshipa wa moyo akiwa bado kwenye arobaini ya uzazi. Daktari akasema, "Mama, tutie kijibomba mshipani, au tuuache upone wenyewe, tuifunge nyumba yenu mitambo imeze kila sauti ya kumshtua."

Nikachagua nyumba. Ikameza honi, ikameza na adhana.

"Mwanao mpole, halii," nilimtania nikimnywesha uji wa pilipili manga.

"Kamfuata baba yake. Angekufuata wewe tungekoma," akacheka.

Nikainama kumfunika mjukuu. Mdomo wazi, uso umemwiva, machozi yamejaa masikioni. Alikuwa analia.

Kumwambia Mwanaidi siwezi, atashtuka. Moyo wake unapona. Mimi nashinda na kiganja kifuani pa mtoto, nipate kujua akilia.