Ingali Moto

Kwa miaka ishirini Bi Atupele alioka biskuti katika majiko ya watu. Asubuhi hiyo ya kipupwe alioka kwake, katika oveni aliyoinunua mwenyewe. Alitia zabibu, embe kavu na chokoleti nyeupe, na harufu ikajaa nyumba nzima.

"Mama, nizipange kwenye sahani ya wageni?" aliuliza binti yake, Subilaga.

"Wageni gani?"

Bi Atupele alivuta kiti, akaketi, akavunja biskuti moja ingali moto. Chokoleti ilimchuruzika vidoleni.

"Nimeoka maelfu, mwanangu, na zote nilizipeleka mezani nikabaki nimesimama. Leo nimekaa. Nimiminie chai."

Subilaga alichukua birika. Mama yake alingoja, mgongo wima, mikono imetulia juu ya meza.