Kidonda cha Siwema

Kwa mara ya saba, muuguzi Bi Mwatima alifungua bandeji mguuni mwa Siwema. Kilikuwa kidonda kidogo tu cha kujikwaa, lakini huu ulikuwa mwezi wa tatu kimekataa kufunga.

"Sukari huna, na dawa umemaliza. Unalala, mwanangu?"

"Silali. Namsikilizia mume wangu. Akivua viatu kwa kishindo, najua leo nitapigwa."

Bi Mwatima aliacha kusafisha. "Mwili ulioshikwa na hofu kila siku hauponi upesi. Huna ndugu?"

"Dada yangu, ng'ambo ya mto."

Siwema alitoka zahanati akichechemea, akaipita njia ya kwenda kwake bila kuingia, akashika ya mtoni. Katikati ya daraja alisimama. Akashika ukingo kwa mikono miwili, akitazama mapaa ya upande wa pili, kwa dada yake.