Moja au Sifuri

"Vua viatu," kaka mtu alisema mlangoni. "Tangazo hulioni, au siku hizi hata kusoma umeacha?"

Mdogo mtu akavua. Miaka mitatu hajakanyaga nyumba ya mama yake, na leo hakuja kugombana. Alikuja kujisafisha.

Sebuleni Mama alikuwa kwenye kiti chake, vidole vikigonga mkono wa kiti, tap tap tap. Miaka thelathini ya kupiga taipu mahakamani, vidole havijui kustaafu.

"Umekonda," akasema.

"Akonde wapi," kaka mtu akadakia. "Mtu aliyemwibia baba yake hakondi."

Ndiyo shina lenyewe hilo. Siku ya harusi ya dada yao, marehemu Baba alitundika koti kwenye kiti. Mfuko wa ndani bahasha, ndani ya bahasha hati ya nyumba. Jioni anavaa koti, bahasha haipo. Video ya harusi iko kwenye sidii moja tu, na Mama haruhusu itoke nje kwa sababu ina sura ya marehemu. Ukiiweka unaona koti, unaona mtu anasogea nyuma ya kiti, unaona mkono wa nguo nyeupe, halafu picha inaganda. Ikizinduka, mtu kashapita. Na siku ile familia nzima ilivaa nyeupe.

"Sidii imekwaruzika," kaka mtu akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilikosea. Sidii nzima kabisa. Kompyuta ndiyo inaivuta kama mtu anayekunywa uji kwa mrija wa kalamu. Juzi nimetengeneza mashine ya mtu yenye ugonjwa huo huo."

"Sikiliza, dogo. Mnunuzi wa nyumba hii anakuja Jumatatu na bila hati sina cha kumwonyesha. Mama atahamia kwangu, kile chumba cha nyuma. Mkono ukiwa wako, hati unaitoa leo, na kaka usiniite tena. Usipokuwa wako, napiga magoti hapa hapa mbele ya Mama."

"Anza kukunja suruali."

Kompyuta aliileta mdogo mtu mwenyewe zamani, ya mfumo wa Linux, kuukuu lakini nzima. Pembeni lilikuwepo lile daftari la amri alilomwandikia Mama, kurasa zimelegea kwa kufunuliwa. Akafunua penye mambo ya kisoma sidii, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika. Jibu likaja mstari mmoja.

"Unaona? Swichi ya kisoma sidii iko sifuri. Ikiwa sifuri, kila kitu kinabebwa kimoja kimoja, kompyuta inahema. Ikiwa moja, vinatiririka vyenyewe."

"Mimi sikuja darasani."

Akapima kasi ya kusoma sidii: megabaiti mbili na kitu kwa sekunde. Akaweka moja, akapima tena: kumi na moja. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, akataka kucheka.

"Haya, weka video," kaka mtu akasema.

"Subiri. Ukizima ukiwasha inarudi sifuri. Ngoja niiandike kwenye faili la kuwashia, ibaki."

Akafungua faili. Mstari ulikuwepo tayari. Kuna mtu alikuwa ameiagiza kompyuta, kila ikiwashwa, ijiweke sifuri. Na juu ya agizo ameacha onyo:

USIGUSE.  ACHA HIVI HIVI.

Herufi kubwa tupu, na baada ya nukta, nafasi mbili. Mdogo mtu akasoma, akarudia.

"Nani anatumia hii kompyuta?"

"Usinitazame mimi. Mimi hata kuizima nachomoa waya ukutani. Umeona nini?"

Mdogo mtu akatega sikio. Nyuma yake, tap tap ilikuwa imekatika.

"Dogo, nimekuuliza umeona nini."

"Hamna kitu."

Akafunga faili bila kufuta hata herufi. Akarudi kwenye dirisha jeusi. Pale alipokuwa ameandika moja, akaandika sifuri.

"Nini tena hiyo?"

"Namalizia."

Akaweka video. Baba anacheka na mtu wa pembeni. Koti. Mtu anasogea nyuma ya kiti, mkono mweupe, picha ikaganda. Wakasubiri wote watatu. Ilipozinduka, kiti kilibaki na koti tu.

"Mrija wa kalamu, eh?" kaka mtu akasema. "Umenipotezea siku nzima kwa mrija wa kalamu."

"Niliichukua mimi."

"Umesemaje?"

"Hati. Niliichukua mimi, nikaichoma siku ile ile. Haipo tena. Mwambie huyo mnunuzi asijisumbue."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo. La pili aliliona likija na hakulikwepa.

"Inatosha," Mama akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Inatosha nini, Mama? Baba kafa anatutazama sote wawili kama wezi. Miaka yote mimi nalala na jina hilo, kumbe huyu nyoka." Akashika mlango. "Toka. Hata ukisikia nimekufa, usije."

Mdogo mtu hakumwangalia Mama. Akatoka, akachuchumaa kizingitini kufunga kamba za viatu. Usawa wa macho yake palikuwa na lile tangazo la Mama, karatasi ya taipu iliyogeuka njano:

VUA VIATU.  FUNGA MLANGO.

Herufi kubwa tupu, na baada ya nukta, nafasi mbili.

Akasimama, akaufunga mlango polepole, kama alivyoagizwa.